Kura ya Jaji na Kosa la Mkalimani

Nilimtambua kabla sijasoma maandishi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana kwenye ghala ninakofanya kazi hapa Louisville, na televisheni ya ukutani ilikuwa imezimwa sauti kama kawaida. Wenzangu walikuwa wanapasha moto vyakula vyao. Nikamwona mtu wa makamo, nywele za mvi zimechanwa kwa nyuma, amesimama mbele ya bendera. Maandishi ya chini yalisema Rais amemteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho kule Ohio, na kwamba Baraza la Seneti litamjadili na kumpigia kura.

Miaka sita kabla ya hapo niliketi naye meza moja kwa saa nne. Yeye alikuwa wakili, mimi mkalimani. Niliyoyasema kwenye chumba kile yalimsaidia kushinda kesi. Yalikuwa makosa, na yeye alijua ni makosa, kwa kuwa nilimwambia kwa kinywa changu siku ile ile.

Mimi ni Mrundi, lakini nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili changu ni cha Tanzania. Upande wa pili wa barabara ya kambi walikaa Wakongo kutoka Kivu. Tulicheza nao, tulichota nao maji, na tulicheka Kiswahili chao. Mwalimu wetu alikuwa akikuchapa ukisema kama wao. Nilipofika Columbus, Ohio, na kuanza ukalimani, nilijivunia usafi wa lugha yangu. Mchana nilimhudumia mzee mmoja wa mtaa wa Clintonville, namwogesha na kumpa dawa. Ukalimani ulikuwa ndiyo kazi yangu ya heshima, ile niliyoivalia tai.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja Mkongo wa Kivu Kusini. Mumewe alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kushindilia makaratasi makuukuu kuwa mabunda. Siku moja mashine ilikwama. Mashitaka ya mama yalisema alikuwa akiyachomoa makaratasi kwa mkono pale mlangoni, amesimama chini sakafuni, mashine ikaamka yenyewe na kumvuta. Hakuna aliyemwona. Aliishi siku mbili hospitalini, na katika siku hizo mbili alizungumza na mkewe tu. Mama akawashitaki waliotengeneza ile mashine, kwa madai kwamba kizuizi chake kilikuwa kibovu. Wakili wa watengenezaji alikuwa huyu bwana.

Katika kesi za hapa, kabla mambo hayajafika mbele ya jaji, mawakili humwita shahidi ofisini, wakamwapisha na kumhoji, na mwandishi akaandika kila neno. Ila kinachoandikwa ni Kiingereza cha mkalimani. Kiswahili cha shahidi hakiandikwi popote.

Mama alivaa gauni jeusi na kitambaa cheupe kichwani. Alijibu taratibu, akiangalia mikono yake. Ilipofika saa ya tatu ya mahojiano, wakili akauliza, "Mumeo alikwambia nini hospitalini kuhusu ajali?"

Nikatafsiri. Mama akajibu, "Aliniambia, mama watoto, mimi naumia hivi juu ya ile mashini."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mumewe alimwambia aliumia akiwa juu ya mashine.

Wakili akaacha kuandika. "Juu yake?" akaniuliza. "Tafadhali hakikisha."

Nikamgeukia mama. "Juu ya mashine?"

"Ndiyo," akasema. "Juu ya mashini."

Wakili akauliza mara ya tatu, kwa maneno mengine, na mama akakubali mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya mtu anayeona haeleweki. Wakili wake mwenyewe, mzee mchovu aliyekuwa na koti lenye kiwiko kilichochakaa, aliinua kichwa, akanitazama, akakiinamisha tena.

Mahojiano yalipokwisha, mzee yule alikimbilia shauri jingine mahakamani. Mimi na mama tukashuka pamoja kwenye lifti. Tulipokaribia chini akaniuliza, "Papa, juu ya nini banarudilia ile ulizo mara tatu?"

Juu ya nini. Kwa nini. Hivyo ndivyo walivyosema majirani zetu kambini, kila siku, miaka yote ya utoto wangu. Juu ya nini unalia, juu ya nini hukuja. Kwao "juu ya" ni "kwa sababu ya". Marehemu hakusema alipanda mashine. Alisema ameumizwa na mashine. Sikumwambia kitu. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikaona amepanda basi lake, nikarudi juu mbio.

Wakili alikuwa anafunga mkoba wake. Nikamwambia, "Samahani, bwana. Kuna neno nimelitafsiri vibaya. Mama hakusema mumewe alikuwa juu ya mashine. Alisema ni kwa sababu ya mashine."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akaniuliza, "Lakini ulimuuliza mara tatu, naye akakubali mara tatu?"

"Alikuwa akijibu kwa Kiswahili cha kwao."

"Basi andika," akasema. "Andika barua, uipeleke kwa ofisi iliyokuleta. Mimi nashikilia kilichomo kwenye kumbukumbu." Akanipa mkono, akanishukuru kwa kazi nzuri.

Sikuandika. Jioni ile nilikaa mezani na karatasi, nikaona jinsi barua itakavyosomeka: mkalimani aliyeapa kwamba anaijua lugha anakiri kwamba haijui. Ofisi ile ilinipa kazi kila wiki. Nikasema nitaandika kesho. Kesho yake mzee wa Clintonville akaanguka bafuni, nikashinda naye hospitalini. Wiki ikapita. Baadaye nikajiambia kwamba wakili wa mama ana akili zake, ataliona mwenyewe. Miezi kadhaa ikapita, nikasikia kanisani kwamba kesi imetupwa. Jaji alisema mtu aliyepanda juu ya mashine kinyume cha maelekezo hawezi kumlaumu aliyeitengeneza. Nikahama Columbus mwaka uliofuata. Watu niliwaambia kazi za Louisville ni nyingi zaidi, na ilikuwa kweli.

Siku niliyomwona kwenye televisheni nilimweleza mke wangu habari yote. Tunakaa Shively, pembeni mwa Louisville, kwenye nyumba ndogo ya matofali karibu na barabara kuu. Alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote kwanza, ndipo akasema, "Kumbe ndiyo maana ukiitwa kutafsiri kanisani unajifanya una mafua."

"Nataka kuwaandikia maseneta."

"Utawaandikia maseneta kabla hujamwambia yule mama?"

Jumamosi nikaondoka. Nilikuwa nimesikia kwamba mama alihamia Buffalo. Kutoka Louisville kwenda Buffalo unapita Columbus, kwa hiyo nilianza na wakili mzee. Alikuwa amestaafu, anaishi Clintonville, mitaa miwili kutoka kwa mzee niliyekuwa nikimhudumia, ambaye sasa ni marehemu. Alinikumbuka kwa shida. Tuliongea tumesimama barazani kwake. Nilipomaliza, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Zilibaki siku thelathini," akasema. "Baada ya mahojiano, sheria inatupa siku thelathini za kusahihisha. Karatasi moja tu ingetosha."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Na mimi sikuuliza, ingawa niliona jinsi yule mama alivyobadilika sauti. Nilikuwa na kesi nyingi mno mwaka ule." Akanipa anwani ya mama huko Buffalo, maana alimtumia kadi kila Krismasi. Hakunikaribisha ndani, na sikumlaumu.

Mama alikuwa anakaa ghorofani, juu ya duka la vyakula mtaa wa Grant. Ngazi zilinuka samaki wakavu na unga wa muhogo. Binti yake alinifungulia, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, amevaa sare ya hospitali anakojifunza uuguzi. Mama alikuwa ametoka kazini, kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Alinikaribisha vizuri, akaniletea chai ya maziwa, akaniuliza habari za mke wangu na watoto. Nilishindwa kuinywa ile chai. Nikamweleza.

Nilieleza kwa Kiswahili chake, nikitafuta maneno, nikisimama. Binti alisimama karibu na dirisha.

"Donc," mama akasema mwishowe, "kumbe ulijuaka siku ile ile."

"Ndiyo, mama. Kwenye lifti."

"Mimi nilikuwa na wewe mule."

"Ndiyo."

Aliangalia sakafu. "Bandugu ya bwana yangu banasema alikuwa mujinga. Hata kaka yake mukubwa alisimama mbele ya bandugu bote akasema, mutu mwenye akili hapandi mashini. Barua ya tribunal ilisema vile, banaisoma. Miaka yote watoto yangu banasikia baba yabo alijiua na ujinga." Alizungumza polepole bila kupandisha sauti. "Mimi niliwaza, labda alipanda kweli, akanificha. Nilimukasirikia, papa. Mutu amekufa, nikamukasirikia."

Binti akaniuliza kwa Kiingereza kama ninataka mama yake anisamehe, ndiyo maana nimekuja. Nikamjibu kwamba sijui. Nikasema ninataka kuwaandikia maseneta wanaomjadili yule wakili, nieleze kwamba nilimwambia ukweli naye akautumia uongo, lakini sitaandika bila ruhusa ya mama. Binti akasema haitasaidia kitu, watu wa aina ile hupita tu. Mama akamuuliza amesema nini, naye akatafsiri.

"Labda iko vile," mama akasema. "Lakini andika. Haiko kwa ule mutu. Andika juu ya watoto. Jina ya baba yabo iandikwe vizuri mahali fulani."

Niliandika kurasa mbili, na mke wangu akanifanya nifute kila mahali nilipojitetea. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu na kijana wa kike anayefanya kazi ofisi ya seneta mmoja wa kamati ya sheria. Alikuwa na sauti ya upole na haraka. Akaniuliza kama nina ushahidi wowote wa maandishi kwamba nilimwambia wakili. Nikasema sina. Akaniuliza kama kulikuwa na mtu wa tatu chumbani. Mwandishi alikuwa ameshaondoka. Akasema watafanya wanaloweza.

Siku ya kikao cha kamati niliomba ruhusa kazini, nikakaa sebuleni na kompyuta ya binti yetu. Nilidhani ningeona ukumbi umejaa. Viti vingi vilikuwa vitupu. Maseneta waliingia, wakasema dakika zao, wakatoka. Mteuliwa alikaa peke yake kwenye meza ndefu, mkewe na watoto wake nyuma. Waliokuwa upande wake walimuuliza kuhusu shule alizosoma na heshima yake kwa katiba. Waliompinga walimuuliza kuhusu hotuba fulani aliyowahi kutoa. Muda ulikwenda. Nilianza kuamini barua yangu imepotea.

Ndipo seneta mwanamke mzee akavaa miwani na kuisoma. Hakusoma yote. Alisoma mahali pa lifti na mahali nilipopanda juu mbio. Jina la marehemu alilitamka vibaya, lakini alilitamka. Kisha akauliza, "Je, mkalimani alikujia akakwambia amekosea?"

Mteuliwa alijibu kwa utulivu ule ule niliouona ofisini. "Seneta, kwa miaka thelathini nimeendesha mahojiano mamia kwa mamia. Sikumbuki mazungumzo hayo. Ninachoweza kusema ni kwamba kama angeleta sahihisho la maandishi, ningeliambatanisha siku hiyo hiyo. Hakuleta."

Ilikuwa kweli. Kila neno la sentensi ile ya mwisho lilikuwa kweli.

Seneta wa upande wa pili akaomba nafasi. Alikuwa mcheshi, na wenzake walimpenda. Akasema, "Tunaombwa tumhukumu mtu huyu, kazi yake yote, kwa neno moja la lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu humu ndani anayeijua. Na anayetuomba ni mtu aliyekosea mwenyewe, akanyamaza miaka sita." Wachache walicheka kidogo. Yule seneta mwanamke akasema barua iingizwe kwenye kumbukumbu za kamati. Mwenyekiti akasema bila pingamizi. Wakaendelea na mteuliwa mwingine.

Kura ya baraza zima ilikuja baada ya majuma kadhaa, saa nane mchana, nikiwa kazini. Msimamizi wangu aliniruhusu nikae kwenye gari. Seneta mmoja alisimama kumsifu, mwingine alisimama kumpinga, wote wawili wakiongea mbele ya madawati matupu. Yule wa kupinga hakumtaja marehemu wala mjane. Karani akaanza kuita majina. Walikuja mmoja mmoja, wengine wakizungumza na kucheka, wakafika mbele ya meza. Mmoja alionyesha kidole gumba juu, mwingine chini, bila kusimamisha mazungumzo yake. Kuna aliyegeuka kuuliza wanapigia nini kura, akaambiwa, akaonyesha kidole. Yule seneta mwanamke mzee alikuja akasema "hapana" kwa sauti, akaondoka akitembea kwa fimbo. Ilichukua muda wa kutosha kwa dirisha la gari kujaa mvuke wa pumzi yangu. Kisha aliyekalia kiti akatangaza idadi, akasema uteuzi umethibitishwa.

Nikampigia mama.

"Amepita?" akauliza kabla sijasalimu.

"Amepita, mama."

"Bon, sawa." Nilisikia mashine za kufulia nyuma yake. "Na barua yako, banaiweka wapi?"

Nikamweleza kwamba imo kwenye kumbukumbu za Seneti, yeyote anaweza kuisoma, haitafutwa.

"Iko na Kiingereza," akasema. "Kaka mukubwa wa bwana yangu hasomi Kiingereza. Uniandikie na Kiswahili. Kiswahili yetu. Utie sahihi yako."

Niliiandika mara tatu. Mara mbili za kwanza niliona mkono wangu unarudi kwenye lugha ya shule. Ile ya tatu nilimsomea mzee mmoja wa Uvira tunayefanya naye kazi, akanirekebisha mahali pengi, wala hakuniuliza habari ni ya nani. Nikaituma kwa posta.

Ofisi ya ukalimani iliniandikia mwezi huo huo. Walisema kwamba, kufuatia maelezo niliyoyatoa mimi mwenyewe hadharani, jina langu limeondolewa kwenye orodha yao. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Jaji aliapishwa kule Columbus. Niliona picha: mkewe amemshikia Biblia, naye ameinua mkono.

Binti wa mama ndiye aliyenieleza yaliyofuata, kwa ujumbe wa simu, kwa Kiingereza. Mama yake aliipeleka barua kwa shemeji yake, akaisoma mbele yake kwa sauti, tangu mwanzo hadi sahihi. Shemeji alisikiliza. Akasema sawa, ameelewa. Halafu akasema mama yao mzazi, yeye na marehemu, aliyebaki Bujumbura, alifariki mwaka juzi, na mpaka anakata roho alikuwa akiuliza ni nani aliyemtuma mwanawe apande juu ya chuma.

Niliandika kwamba nasikitika, nikafuta, nikaandika tena. Nilipoutuma, tayari binti alikuwa ameingia zamu hospitalini.